BUNDUKI ILIMLETA, GOLOLI ILIMWONDOA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wapenzi wa chama katika baraza la tawi. Tunaichapa yote kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.





Nimetakiwa usiku huu nizungumze juu ya utawala wa kijeshi katika Afrika. Bara letu limeona tawala za namna hiyo nyingi mno, na lau ningetaka kuzitaja zote kungepambazuka kabla hatujafika nusu yake. Kwa hivyo nimechagua moja tu, nao ni utawala wa Yahya Jammeh katika nchi ya Gambia, aliyeishika nchi hiyo tarehe 22 Julai 1994 na kuiacha tarehe 21 Januari 2017.

Nimemchagua huyu kwa sababu maalumu. Wengi katika watawala wenziwe waliondoshwa na askari wengine, au na majeshi ya nchi jirani, au na mauti. Jammeh alishindwa kwanza kwa kura, katika uchaguzi uliotayarishwa chini ya serikali yake mwenyewe, kwa sheria zilizotungwa na watu wake mwenyewe. Hilo ni jambo adimu, na kwa watu wanaotaka kushika serikali kwa njia ya kura ni jambo linalostahili kuchunguzwa kwa makini, tujue lilitokeaje, na tujue pia nini kilifuata baada yake.

Gambia ni nchi ndogo kabisa. Ni ukanda mwembamba wa ardhi kandokando ya mto uitwao kwa jina hilo hilo, umezungukwa na Senegal pande tatu, na upande wa magharibi ni bahari. Mji wake mkuu, Banjul, umejengwa kisiwani. Watu wake ni wakulima wa njugu, wavuvi na wafanya biashara, na walio wengi ni Waislamu. Walipata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 18 Februari 1965, na mwaka 1970 wakawa jamhuri chini ya Dawda Jawara, tabibu wa wanyama, ambaye alikuwa Waziri Mkuu tangu 1962.

Ni haki kusema kweli juu ya Jawara. Katika zama ambazo nchi nyingi za Afrika zilipiga marufuku vyama vya upinzani, yeye aliviacha viishi, na uchaguzi ulifanywa kwa wakati wake. Mji wa Banjul ndio uliochaguliwa kuwa makao ya Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu, na mkataba wa haki hizo, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, watu wengi huuita Mkataba wa Banjul. Mwaka 1993 Gambia ilifuta adhabu ya kifo. Lakini chama kimoja kilikaa madarakani tangu kabla ya uhuru, na malalamiko ya rushwa yakawa mengi. Disemba 1991 Jawara alitangaza kwamba hatagombea tena. Chama chake kikamsihi abaki, naye akabaki. Mzee aliyekuwa na nafasi ya kuondoka kwa heshima alikaa miaka miwili na nusu zaidi, kisha akaondoshwa.

Sasa tutazame jeshi lilitoka wapi. Gambia ilipopata uhuru haikuwa na jeshi hasa. Mwezi wa Julai 1981, Jawara akiwa London katika harusi ya mtoto wa Malkia, watu wenye silaha walijaribu kuipindua serikali, na askari wa Senegal ndio waliomrudisha. Baada ya khatari hiyo serikali ikaona lazima iwe na jeshi lake, ili ijilinde. Basi jeshi lile lililoundwa kwa kuilinda serikali ndilo lililokuja kuiangusha.

Jammeh alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Kanilai. Aliingia uaskari mwaka 1984, na mwaka 1989 akapewa cheo cha afisa. Alipopindua alikuwa Luteni tu, kijana wa miaka 29, pamoja na maluteni wenziwe wachache. Askari walikuwa na manung'uniko ya mishahara na ya hali ya makambi yao, khasa wale waliorudi kutoka Liberia. Walitoka makambini asubuhi, na jioni nchi ikawa mikononi mwao, wala damu haikumwagika. Jawara alikimbilia manowari ya Kimarekani iliyokuwa imetia nanga Banjul, ikampeleka Senegal.

Ndugu zangu, sikilizeni vyema sehemu hii. Watu wengi walifurahi, na khasa vijana. Walikuwa wamechoka na sura zile zile, na hawa waliokuja walikuwa vijana kama wao, wakisema kwamba wao ni askari wa namna nyengine, hawakuja kutawala, wamekuja kusafisha uchafu tu, kisha watarejea makambini. Hapana mtawala wa kijeshi aliyeingia bila ya kusema maneno hayo. Mgeni huyo alikaa miaka ishirini na miwili na nusu.

Alikaaje? Kwanza alianza na wenziwe. Novemba 1994 askari waliotuhumiwa kutaka kupindua waliuawa bila ya kufikishwa mahakamani. Januari 1995 wawili katika wale maluteni wakubwa walikamatwa, na mmoja wao akafa kifungoni. Mwezi wa Juni mwaka huo huo Waziri wa Fedha, Ousman Koro Ceesay, akauawa. Mwaka 1995 adhabu ya kifo ikarudishwa. Kisha akaingia katika sheria. Mwaka 1996 ilitungwa katiba mpya ambayo haikuweka kikomo cha vipindi vya urais. Vyama vikubwa vya zamani vikapigwa marufuku kwa amri. Jammeh akavua magwanda, akagombea urais tarehe 26 Septemba 1996, na kutangazwa mshindi. Akatangazwa tena 2001, na 2006, na 2011. Mara hiyo ya mwisho ECOWAS, Jumuiya ya Uchumi ya nchi za Afrika ya Magharibi, ilikataa hata kutuma watazamaji, kwa kuwa iliona wapiga kura wametiwa khofu.

Na khofu hiyo ilikuwa na sababu. Tarehe 10 na 11 Aprili 2000 wanafunzi walitoka barabarani kulalamika kwa kifo cha mwenzao na kwa msichana wa shule aliyenajisiwa. Walipigwa risasi, na watu wasiopungua 14 wakafa, wengi wao watoto wa shule. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuwakinga waliohusika wasishitakiwe. Tarehe 16 Disemba 2004 mhariri wa gazeti la The Point, Deyda Hydara, aliyekuwa akizipinga sheria mpya za kuyabana magazeti, alipigwa risasi akiwa ndani ya gari yake akirudi nyumbani kutoka kazini. Julai 2005 wasafiri wapatao 50 kutoka nchi nyengine za Afrika ya Magharibi, wengi wao Waghana, ambao walikuwa wakitafuta njia ya kwenda Ulaya, walikamatwa na kuuawa. Agosti 2012 wafungwa tisa walinyongewa haki zao za rufaa na kuuawa kwa siku moja.

Juu ya khofu akaongeza utukufu. Yule Luteni akawa anatoka mbele ya watu kwa joho jeupe, mkononi ana msahafu, tasbihi na bakora. Majina yakarefuka: Sheikh, Profesa, Alhaji, Daktari. Mwezi wa Januari 2007 alitangaza kwamba anatibu ukimwi kwa miti shamba na kisomo, na wagonjwa waliopelekwa kwake wakaambiwa waache dawa za hospitali. Wako waliokufa, na wako waliopona kwa kutoroka wakaja kumshitaki baadaye. Mwaka 2009 watu wake walipita vijijini wakiwakamata wazee na kuwatuhumu uchawi, wakiwanywesha vitu vya kuwalevya mpaka wakiri. Disemba 2015 alitangaza kwamba Gambia ni dola ya Kiislamu. Dini yetu inajulikana kwa uadilifu kabla ya kujulikana kwa majoho, wala haikumruhusu mtu kuivaa kama ngao ya dhulma. Siku moja aliulizwa na mwandishi wa BBC juu ya muda wake wa kutawala. Akajibu kwamba Mungu akipenda atatawala hata miaka bilioni moja.

Na sasa, mabibi na mabwana, nifike kwenye gololi.

Wagambia tangu miaka ya 1960 wamekuwa wakipiga kura kwa gololi, zile zile wanazochezea watoto wetu uwanjani. Sababu yake ni kwamba wakati ule wengi hawakujua kusoma. Mpiga kura hupewa gololi moja, akaingia mahali pa siri ambamo yamepangwa mapipa ya chuma, kila mgombea na pipa lake, lenye rangi yake na picha yake. Juu ya pipa pana mdomo mwembamba. Gololi ikitumbukizwa huteremka na kugonga kengele ndani. Nje wanaosimamia huisikia kengele ikilia mara moja. Ikilia mara mbili, watajua kuna udanganyifu. Chini ya pipa humwagwa mchanga au unga wa mbao, ili gololi ikianguka isitoe mlio mwengine. Uchaguzi ukesha, gololi humwagwa katika sinia zenye matundu yaliyohesabiwa, mia mbili au mia tano, na kila mtu aliyepo huona kwa macho yake sinia ngapi zimejaa.

Watu wa mataifa makubwa waliuona utaratibu huo wakacheka. Lakini utazameni vyema. Mwenye kusikia kengele hana haja ya kuambiwa na waziri. Mwenye kuona sinia limejaa hana haja ya kungoja redio. Mwaka 2016 gololi zilihesabiwa pale pale vituoni, mbele ya mawakala wa wagombea wote, na kila kituo kikatoa hesabu yake kabla hazijafika makao makuu. Yule mtawala alikuwa na askari, na wapelelezi, na mahakimu, na redio, na siku ya kura akakata intaneti na simu za nje ya nchi. Lakini hesabu ilikuwa imekwisha kuonekana na macho ya watu maelfu.

Msifikiri kwamba gololi peke yake ilifanya kazi hiyo. Gololi zile zile zilitumika 1996, na 2001, na 2006, na 2011, na kila mara mshindi alikuwa yeye. Tofauti ya 2016 ilikuwa ya watu. Mwezi wa Aprili mwaka huo mtu wa chama cha UDP, Solo Sandeng, alitoka na wenziwe wachache kudai sheria za uchaguzi zirekebishwe. Alikamatwa, akateswa, akafa mikononi mwa wapelelezi. Siku mbili baadaye kiongozi wa chama chake, wakili Ousainou Darboe, alitoka barabarani na wazee wenzake kuuliza mwenzao yuko wapi, nao wakakamatwa. Mwezi wa Julai wakafungwa miaka mitatu. Jammeh aliona amekwisha kuvikata vichwa vya upinzani. Hata dhamana ya kugombea urais ilikuwa imepandishwa kutoka dalasi 10,000 hadi 500,000, ili maskini asithubutu.

Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na safari hii upinzani ulilijua hilo. Katika chaguzi zilizopita kila chama kilisimamisha mtu wake, na kura zikagawika. Mwezi wa Oktoba 2016 vyama saba na mgombea wa kujitegemea walikutana, wakampigia kura mtu mmoja wa kuwawakilisha wote: Adama Barrow, mfanya biashara wa nyumba na viwanja, ambaye wengi hawakuwa wakimjua, na ambaye aliwahi kuwa mlinzi wa duka London. Viongozi wenye majina makubwa kuliko yeye walikubali kukaa nyuma yake. Mtu wa siasa hupata taabu kutoa nafasi kuliko kutoa mali, na wao waliitoa.

Kura zilipigwa tarehe 1 Disemba 2016. Kesho yake Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Alieu Momarr Njai, mzee wa makamo ya babu, alisoma matokeo: Barrow ameshinda. Jammeh akampigia simu mshindi mbele ya televisheni, akacheka naye, akampongeza. Watu wakaingia barabarani wakishangilia kwa machozi.

Hapo ndipo lilipotokea jambo la kutufundisha. Tume iligundua kosa katika ujumlishaji wa hesabu, ikazisahihisha. Barrow alibaki na kura 227,708, Jammeh 208,487, na mgombea wa tatu, Mama Kandeh, 89,768. Mshindi hakubadilika, lakini tofauti ya zaidi ya kura 51,000 ilishuka ikawa 19,221. Tarehe 9 Disemba Jammeh alijitokeza tena, akasema hayakubali matokeo na anataka uchaguzi mpya. Askari wakaziteka ofisi za Tume. Akapeleka shauri Mahakama Kuu ya nchi, na mahakama hiyo haikuwa na mahakimu wa kutosha kulisikiliza, kwa kuwa mwenyewe hakuwateua. Basi sheria aliyoiua zamani haikuweza kumfaa siku aliyoihitaji.

Zikafuata wiki za wasiwasi. Makumi ya maelfu walihama, wengi wakavuka mpaka kuingia Senegal. Mwenyekiti wa Tume naye alilazimika kukimbia nchi. Lakini khofu ya zamani ilikuwa imekwisha kupasuka. Mawakili walitoa tamko, na waalimu, na wahadhiri, na viongozi wa dini. Mabalozi wakamwandikia aondoke. Vijana wakavaa fulana zilizoandikwa kwamba Gambia imekwisha kuamua. Marais wa Afrika ya Magharibi walikuja Banjul kumsihi, wakarudi mikono mitupu. Bunge likamwongezea miezi mitatu, na mawaziri wake wakaanza kujiuzulu mmoja mmoja, mpaka Makamu wake naye akaondoka.

Tarehe 19 Januari 2017 Barrow aliapishwa katika ubalozi wa Gambia mjini Dakar, rais aliyechaguliwa na watu wake akiapa nje ya nchi yake. Siku hiyo hiyo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likamuunga mkono, na majeshi ya ECOWAS yakavuka mpaka. Mkuu wa majeshi ya Gambia alikwisha kusema kwamba askari wake hawatapigana kwa ugomvi wa siasa. Usiku wa tarehe 21 Jammeh alipanda ndege, akaenda Guinea na kutoka huko Guinea ya Ikweta, na magari yake ya fakhari yakamfuata kwa ndege ya mizigo. Mpanda ngazi hushuka. Huyu alibahatika kushuka akiwa hai, jambo ambalo wengi waliopita mikononi mwa watu wake hawakulipata.

Wako wanaosema kwamba majeshi ya jirani ndiyo yaliyomtoa. Hapana shaka yalisaidia, na bila ya hayo huenda damu ingemwagika. Lakini majeshi hayo yalikuja kuitetea hesabu. Lau kusingekuwa na hesabu iliyoonekana na kila mtu, yangekuja kutetea nini?

Ndugu zangu, ningeweza kukomea hapa na nyote mngenipigia makofi. Lakini amana ya mzungumzaji ni kueleza khabari yote.

Serikali mpya iliunda Tume ya Ukweli, Upatanishi na Fidia, na kuanzia Januari 2019 Wagambia walikaa mbele ya televisheni wakiwasikia wauaji wakieleza kwa vinywa vyao waliua nani, wapi, na kwa amri ya nani. Ripoti yake ilikabidhiwa Novemba 2021, ikataja watu zaidi ya 200 waliouawa na dola, na ikapendekeza Jammeh na wenziwe washitakiwe. Ujerumani, Novemba 2023, mmoja wa watu wake alihukumiwa kifungo cha maisha, na katika makosa yake ni kuuawa kwa Deyda Hydara. Uswisi, Mei 2024, aliyekuwa Waziri wake wa Mambo ya Ndani alihukumiwa miaka 20. Disemba 2024 marais wa ECOWAS walikubali kuundwa mahakama makhsusi kwa ajili ya makosa ya Gambia. Haki inakwenda kwa mguu, lakini imo njiani.

Na hili la pili ni chungu zaidi kwetu. Vyama vile saba vilipoungana vilikubaliana kwamba Barrow atakaa miaka mitatu tu, atayarishe uchaguzi wa haki, kisha aondoke. Miaka mitatu ilipotimia hakuondoka. Alisema katiba inampa mitano. Vijana waliotoka kumdai ahadi walitawanywa kwa nguvu Januari 2020, na jumuiya yao ikapigwa marufuku. Aliunda chama chake, na Disemba 2021, kwa gololi zile zile, akashinda tena, akikishinda chama cha Darboe kilichompandisha. Sisemi kwamba Barrow ni Jammeh; kumlinganisha na yule ni kuwadhulumu waliouawa. Nasema kwamba ahadi ni deni, na kwamba kiti kina tabia ya kumsahaulisha anayekikalia maneno aliyoyasema akiwa amesimama.

Kwa hivyo nikitakiwa kusema nimejifunza nini, nitasema haya. Askari huingia pale raia wenye madaraka walipokaa kupita wakati wao. Furaha ya siku ya mapinduzi ni mkopo wa riba kubwa, na wanaoulipa ni watoto waliokuwa wakishangilia. Upinzani uliogawika ni usaidizi kwa anayetawala. Kura hulindwa kituoni, kwa macho na kwa karatasi ya hesabu iliyotiwa saini, kabla haijaondoka. Na hesabu ikiwa na kosa dogo la haki, adui atalifanya mlango. Na mwisho, siku ya kushinda ndiyo siku ya kuanza kumchunga tuliyemchagua.

Kila mwanachama aliyemo humu anaweza kuwa wakala wa kituo. Kazi hiyo haina posho ya maana, wala haina jina gazetini. Mtu hukaa kwenye kibao tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, ana njaa, na anatishwa. Wagambia waliokaa kwenye vibao hivyo tarehe 1 Disemba 2016, wakasikiliza kengele moja baada ya moja na kuhesabu sinia moja baada ya moja, majina yao hayatajwi na mtu. Hao ndio walioifanya hesabu isiyoweza kufutwa na mwenye bunduki.